Picha Iliyoanza Kufunguka Miguuni

Msiseme picha imekufa. Nimeanza na hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu juzi mwalimu wenu alinikaribisha darasani, nikakaa kiti cha nyuma na miwani yangu mizito, nikawasikia mkilitamka neno hilo kila mara: hii imekufa, ile nayo imekufa, mwambie atume nyingine. Aliponiomba niwaandikie kuhusu kazi niliyoifanya, nilikubali, ila nikamwambia sitaandika ya kuwachekesha tu. Wa kuwachekesha mnao wengi humo simuni mwenu.

Mimi naitwa Bi Tatu, wa Kasingirima. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kutengeneza programu za simu zilizoharibika. Nimesema programu, sijasema simu. Tofauti hiyo nimeshindwa kuwaelewesha majirani, na mpaka leo mtu akidondosha simu ziwani ananiletea nimkaushie. Na ndani ya kazi hiyo, kilichonilisha hasa ni picha: zisizofunguka, zinazolala ubavu, zinazofunguka na kuiangusha programu nzima. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Daktari anasema presha ya macho inayala kutoka pembeni, kwa hiyo siku hizi kitu nakiona katikati tu, kingo zake nabahatisha. Barua hii namtamkia mjukuu wa dada yangu, yeye anaandika. Makosa ya tahajia ni yake.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu hamlijui, ingawa mnajiita madevelopa, waandishi wa programu. Picha haikai ndani ya simu ikiwa picha. Inakaa imekunjwa, imebanwa, ni tarakimu tupu. Kuna kipande cha programu kinachoikunjua na kuirudisha kuwa rangi, na vitabu vinakiita kisimbuzi. Msikichanganye na kile cha televisheni, mama mmoja alishaniletea cha kwake nikitazame kwa nini hakishiki taarifa ya habari.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Dismas, Muha wa kutoka vijiji vya juu, mtu mkali asiyepandisha sauti. Siku moja tulikuwa na programu ya wauza dagaa wa Kibirizi. Mwenye dagaa anapiga picha mzigo wake ulioanikwa, mnunuzi wa mbali anautazama kabla ya kusafiri. Kwenye simu zetu ilikwenda vizuri. Kwenye simu za wauzaji, ambazo ni zile ndogo za bei ya chini, ukifungua picha tatu programu inaanguka. Nikamwambia Dismas kwamba haiwezekani iwe picha, kila faili ni mega tatu tu. Akatoka, akarudi na chandarua kipya kwenye paketi yake, akakitoa, akakitandaza juu ya meza, viti na kompyuta, ofisi nzima ikawa nyeupe. Halafu akanipa paketi akaniambia nikirudishe.

Nilihangaika nacho huku mafundi cherehani wa jirani wakichungulia dirishani na kucheka. Hakikurudi, na nyinyi mnajua hakirudi. Ndipo akasema, "Faili ndiyo paketi. Simu yao haina nafasi ya kutandaza." Picha ile ya mega tatu ikikunjuliwa ilikuwa inataka karibu mega hamsini za kumbukumbu, kwa sababu kila nukta ya rangi inadai nafasi yake. Dawa yake ni kuiuliza picha kwanza upana na urefu wake bila kuikunjua, kisha kuikunjua kwa kipimo cha kioo cha mtu, isizidi hapo. Siku hizi maktaba zenu zinalifanya hilo zenyewe kimyakimya. Ni vizuri, lakini siku zikishindwa hamjui pa kushika.

Picha za kulala ubavu nazo zimenipa kesi nyingi. Simu yako ukiishika vyovyote, kamera haijali. Inaipokea picha jinsi kioo chake kilivyokaa, halafu inaandika agizo dogo kando: ukimwonyesha mtu, igeuze. Programu inayosoma agizo inaigeuza, isiyosoma inakuletea mtu amelala. Kuna bwana mmoja aligombea uenyekiti wa mtaa, picha yake kwenye programu ya mtaa ikawa imelazwa chali, na wapinzani wake wakapita nyumba kwa nyumba wakisema mnamwona wenyewe, ameshaanguka kabla ya kura. Alikuja ofisini amevimba. Nilimgeuza haraka sana, lakini alianguka kweli.

Nyingine ni za majina ya uongo. Faili inajiita jpg mwishoni, ukiifungua ndani ni aina nyingine kabisa, imetoka kwenye simu ya gharama ya ndugu aliyeko nje. Kisimbuzi cha simu ya zamani kinaikataa, na mwenye picha anadhani ndugu yake amemtumia kitu kibovu kwa dharau. Nimesuluhisha ugomvi wa ndugu wawili wa Ujiji kwa kutazama herufi chache za mwanzo wa faili. Dismas alisema jina la faili ni maneno ya mtu, ndani ndiko kwenye ushahidi. Amefariki, Mungu amrehemu. Picha pekee niliyo nayo yake ni ya kitambulisho, na hakupendeza.

Sasa nije kwenye ile iliyonifanya nilichukie neno mnalolipenda.

Pale mwaloni Kibirizi, boti zinapopakia, alikuwepo karani wa boti za abiria, Haruni. Wenye boti walikuwa wamechoka na ugomvi wa ndugu: fulani alipanda, hakupanda, alishukia wapi. Majina hayakusaidia. Muulize mtu jina anaporukia boti na mzigo kichwani, atakupa la utani, au Baba Nanihii, au atakutazama tu. Wakanunua programu ya kupiga kila abiria picha kabla hajapanda. Iliandikwa na kampuni moja ya mbali ambayo baadaye ilifunga milango, na mimi nikaitwa niitunze. Kazi ya kutunza programu ambayo aliyeiandika hapatikani msiipokee mkiwa na presha.

Kukatokea ajali. Boti moja iliyokuwa ikienda kusini, kule kupita Ilagala, ilizama. Sitaeleza ilivyozama, wapo waliokuwemo na wao ndio wenye haki ya kusimulia. Wengine waliokolewa, wengine walipatikana ufukweni, na wengine ziwa halikuwarudisha. Picha za abiria wa boti ile zikafunguliwa ofisini kwa wenye boti, na watu wakawatambua ndugu zao mmoja baada ya mwingine, wakilia. Zote zilifunguka isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa kisanduku cha kijivu kitupu, na jina ambalo Haruni aliliandika chini yake lilikuwa "Fundi". Kibirizi kila mtu ni fundi.

Asubuhi ileile boti nyingine ilikuwa imeondoka kwenda ng'ambo, Kongo, na hiyo ilifika salama. Abiria wake hawakupigwa picha. Na kulikuwa na kijana wa Ujiji, Ramadhani, mwashi, aliyetoka kwake asubuhi hiyo na mfuko wa vifaa. Alimwambia mkewe anakwenda kutafuta kazi, kusini au ng'ambo, boti itakayotangulia kujaa. Simu yake haikupatikana tena. Lakini hata zamani alikuwa akienda ng'ambo anakaa kimya miezi, kisha anarudi na kitenge cha mama yake kama vile alitoka jana. Kwa hiyo Ramadhani alikuwa ama ndani ya kile kisanduku cha kijivu, ama ng'ambo anajenga ukuta wa mtu.

Walikuja kwangu watatu: Haruni, Mama Ramadhani, na Mwamini, mke wa Ramadhani. Mama Ramadhani ni rika langu, mwanamke mrefu, wa maneno machache na yote makavu. Mwamini alikuwa msichana bado, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Haruni hakusubiri hata nimalize kuwakaribisha.

"Bi Tatu, ile picha imekufa."

"Nani kafa?" Mama Ramadhani akamgeukia.

"Picha, mama. Nasema picha."

"Basi sema imekataa kufunguka. Kufa unakujua wewe?"

Haruni akainamisha kichwa. Nami nikaona aibu, kwa sababu neno lile ningelisema mwenyewe kama asingenitangulia kidogo. Mama Ramadhani akanieleza alichotaka kwa ufupi: nifungue ile picha ili watu waone kwamba aliyemo si mwanawe. Wazee wa ukoo walikuwa wanataka kusoma hitima na kumweka Mwamini eda. Yeye hataki kusikia. Mwanawe yuko ng'ambo.

"Haruni," nikamwuliza, "wewe ndiye uliyempiga. Humkumbuki?"

"Mafundi nawapakia kila siku, Bi Tatu. Nikisema namkumbuka nitakuwa nazua. Na nikizua hapa nitamjibu nini Mungu?"

Nikakaa kwenye kompyuta. Picha ya aina ile ina alama maalumu ya mwanzo na alama maalumu ya mwisho, na kitu cha kwanza ninachowashauri ni kutazama zote mbili kabla hamjalaumu chochote. Alama ya mwanzo ilikuwepo. Ya mwisho haikuwepo. Faili haikuharibika, ilikatwa njiani, sehemu imefika na sehemu haikufika.

Nikamwambia Haruni anionyeshe anavyotuma. Akapiga picha ukuta wangu, akabonyeza, alama ya kijani ikatokea, na hapohapo kidole chake kikashuka kuzima data.

"Mbona umezima?"

"Si imeshatiki?"

Walioiandika programu ile waliweka tiki itokee mara picha inapoanza kutoka, siyo inapofika. Na baada ya tiki, programu inaifuta picha kwenye simu ili isijaze nafasi. Huko kwao, data inawaka kutwa. Hapa kwetu tunaiwasha kutuma, tukishatuma tunazima, bando lisiliwe bure. Mnafanya hivyo nyote, na mimi nafanya. Siku nyingi mtandao wa Kibirizi ulikuwa na kasi ya kutosha, picha ikawahi kupita kabla kidole hakijafika. Siku ile, kwa abiria yule mmoja, haikuwahi. Haruni alipoelewa alikaa chini kwenye sakafu. Nilimwambia si kosa lake, na sikumwambia kwa kumfariji. Tiki ni neno la mwenye programu. Akisema imefika, karani ana haki ya kuamini. Vijana, mkiandika programu ya watu wa huku, kaeni kwanza na mtu wa huku mtazame vidole vyake.

Kisimbuzi cha programu ile kilikuwa cha wale wasiotaka mchezo: faili ikikatika hata kidogo, kinatupa yote na kukupa kijivu. Vipo vingine vyenye huruma kidogo, vinakupa kilichofika na palipokosekana vinajaza kijivu. Nikawaambia waende nyumbani, nikaanza kukibadilisha. Niliamini nitapata uso, kwa sababu picha za simu ile zilijazwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kinachotangulia kufika ni juu, na juu ya mtu ni kichwa chake. Nimefungua picha nyingi za kukatika, na mara nyingi unampata mtu mpaka kifuani.

Ilipofunguka, kijivu kilikuwa juu. Chini yake zilikuwepo pindo za suruali, mfuko wa salfeti umesimamishwa mchangani, na miguu miwili ndani ya kandambili. Nikadhani nimekosea. Nikarudia, ikaja miguu tena.

Haruni ni mtu wa mkono wa kushoto. Kulia anashika ubavu wa boti watu wapande, kushoto anashika simu imelala, na ili kidole gumba kifikie kitufe anaigeuza juu chini. Kamera ikaipokea dunia kichwa chini, ikaandika lile agizo lake dogo, igeuze. Mistari ya kwanza kusafiri ikawa ya miguuni. Kama angekuwa anatumia mkono wa kulia kama mimi, tungekuwa na uso na ningekuwa sina cha kuwaandikia leo.

Niliwaita. Mama Ramadhani akakishika kioo kwa mikono miwili, akakitazama kitambo kifupi mno.

"Siyo yeye."

"Tazama vizuri, dada."

"Nimetazama. Miguu niliyoizaa niijue kwa kuitazama mara ngapi? Huyu ni mtu mwingine, Mungu awape subira wa kwao."

Mwamini alikitazama kioo, halafu akamtazama mkwewe usoni, na hakurudisha macho kwenye kioo tena. Mimi nilifurahi, nawaambia ukweli. Niliwatengenezea chai. Mama Ramadhani alikunywa yote, na alipokuwa anaondoka akanishukuru mara mbili.

Kesho yake Mwamini alirudi peke yake.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, anasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi. "Kandambili ya kushoto. Uliona uzi?"

Nilikuwa nimeona kitu cha bluu kwenye ukanda wa kandambili ile. Nilikiona na nikakipuuza, kwa sababu picha iliyokatika mara nyingi inatapika nukta za rangi zisizo na maana karibu na pale ilipokatikia. Nilidhani ni uchafu wa kisimbuzi.

"Ni uzi wa nyavu," akasema. "Ilikatika, nikaishona mimi."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Nikisema mimi, Bi Tatu, itakuwaje? Watasema nina mtu, ndiyo maana nina haraka ya kumzika. Wazee wananiambia kaa eda. Mama ananiambia ukikaa eda unamwombea mwanangu kifo. Nikienda kisimani naambiwa mjane anatembea. Nikikaa ndani naambiwa nimeanza msiba. Chakula napika cha watu wawili na mama anamtengea sahani." Akajifuta pua kwa pindo la khanga. "Hata kulia sijalia. Nikilia nitakuwa nimesema."

Nikamwuliza anataka nifanye nini.

"Utafute uso. Useme wewe na mashine yako. Mimi sitaki kuwa ndiye niliyesema."

Nawaeleza sasa jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu faili ile ilipofika mezani kwangu. Simu nyingi zikipiga picha, huandika mwanzoni mwa faili maelezo mafupi, na ndani ya maelezo hayo huweka picha nyingine ndogo sana, nakala ya ile kubwa, ili albamu ya simu iweze kuonyesha haraka bila kukunjua mzigo wote. Kwa kuwa imeandikwa mwanzoni, inasafiri ya kwanza. Kubwa ikikatika, ndogo huwa imeshafika. Unaitafuta kwa alama zake: ndani ya maelezo unakuta alama ya mwanzo wa picha kwa mara ya pili, unafuata mpaka alama yake ya mwisho, unakata hapo na hapo, unaihifadhi peke yake. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha maharage. Sikuwa nimeifanya. Nilikuwa nimeombwa kufungua picha, nikaifungua, na mama yule akapata jibu alilolitaka. Hata leo sioni kama nilikosea kumwachia. Lakini Mwamini alikuwa amesimama mlangoni kwangu, na yeye jibu lile lilikuwa limemfungia ndani ya nyumba, si mke wala mjane.

Nikakata, nikahifadhi, nikaigeuza. Ikafunguka mara ya kwanza bila shida yoyote. Kazini, picha ngumu ikifunguka, Dismas alikuwa anagonga meza kwa kiganja na kuagiza maandazi. Mimi nilikaa nikaitazama. Kijana wa kiume, amesimama mbele ya maji, amekunja uso kwa jua. Sikuwa namfahamu. Sikumwonyesha Mwamini, nilimwambia atangulie nyumbani.

Nilifika kwao Ujiji jioni, baada ya swala ya alasiri. Mama Ramadhani alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Mwamini alikuwa ndani, nilimwona akija kusimama nyuma ya pazia la mlango.

"Dada, nimepata kipande kingine."

"Cha nini tena? Si tulishamaliza?"

"Hiki kina uso."

Mikono ikasimama juu ya mchele. Akauweka ungo kando, akaipangusa mikono kwenye khanga, kidole kwa kidole, kisha akainyoosha. Nikampa simu. Picha ile ni ndogo, ukitaka kuiona sawasawa haizidi ukubwa wa kidole gumba.

"Ikuze."

"Nikiikuza zaidi ya hapo inavunjika, dada. Inakuwa miraba tu."

Akaikuza mwenyewe kwa vidole viwili. Uso ukavunjika ukawa miraba ya kahawia na nyeusi. Akaupunguza, ukarudi kuwa uso. Akaukuza tena, akaupunguza tena. Nilitaka kumwambia aache, nikashindwa.

"Hii mashine yako," akasema bila kuinua macho, "haikosei?"

Wanangu, nimewaeleza humu makosa ya mashine mengi na yapo mengine sikuyasema. Nimeona zikichanganya rangi, zikigeuza watu, zikimpa mtu picha ya mtu mwingine kwa sababu ya kumbukumbu iliyochakaa. Nilisimama pale barazani nikayapitia yote kichwani, nikitafuta moja la kumpa yule mama. Kila nililolikuta halikuhusika. Na ndiyo maana siwaambii kwamba kazi hii ni njema. Unajifunza miaka yote ili uweze kusema kwa uhakika, halafu inafika siku ungelipa chochote usiwe na uhakika.

"Hapa haijakosea, dada."

Kioo kikazima chenyewe. Akakigusa kikawaka. Kikazima tena, akakigusa tena.

"Juani alikuwa anakunja uso hivi," akasema. "Tangu mdogo. Hakuna picha yake hata moja amecheka."

"Ndiye?"

Akanirudishia simu, akaita kuelekea mlangoni.

"Mwamini."

"Abee, mama."

"Njoo hapa."

Mwamini akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti kwenye mkeka. Mama Ramadhani akamshika mkono wa kushoto, akaanza kumvua bangili, kama anavyovuliwa mwanamke anayeingia eda. Ya kwanza ilitoka. Zilizobaki zilikwama kwenye mfupa wa kidole gumba. Hapo ndipo Mwamini alipoanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, na majirani wakaanza kutoka milangoni. Mama Ramadhani alijaribu taratibu, akajaribu tena, bangili hazikupita. Akaniomba mimi mgeni niingie ndani nimletee kipande cha sabuni, kwa sababu yeye mkono ule hakutaka kuuachia.